Viziwi Wanaotafuta Kazi, na Sisi Tunaojiita Washauri Wao

(Hotuba iliyotolewa katika semina ya wafanyakazi wa jamii wa parokia, walimu wa vyuo vya ufundi na wazazi. Tunaichapa jinsi ilivyosemwa, isipokuwa salamu tumezipunguza.)



Kabla hatujaanza, tunaomba jambo moja. Mkalimani wetu amesimama hapa kulia. Tafadhali mtu asipite katikati yake na wale wanaomtazama. Mwenye kutaka kutoka nje apitie nyuma. Tukisema haraka mno atainua mkono, nasi tutapunguza mwendo. Msimcheke akifanya hivyo, kwa maana kosa litakuwa letu.

Tumeambiwa tuzungumze juu ya viziwi wanaotafuta kazi, na vile wanavyohudumiwa na washauri. Mshauri ni nani? Ni afisa wa maendeleo ya jamii kule kwenye kaunti. Ni yule wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ni mwalimu wa chuo anayeamua nani aende kwa cherehani na nani aende kwa mbao. Ni sisi pia, wa ofisi ya parokia, wenye diploma ya kazi za jamii na faili za kijani kabatini. Kwa hiyo mkisikia tukilaumu washauri leo, jueni tunajilaumu sisi wenyewe kwanza.

Tuanze na faili moja. Hatutataja jina la mtu.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kijana wa miaka 22 pamoja na mama yake. Alikuwa amemaliza shule ya viziwi na kukaa nyumbani miaka mitatu. Mama alikuwa mchovu, alikuwa ametoka mbali, na nauli ya kurudi alikuwa ameifunga kwenye ncha ya leso. Tukawakaribisha vizuri, tukatoa fomu. Jina? Mama akajibu. Umri? Mama akajibu. Amesoma wapi? Mama. Anapenda kazi gani? Mama akafikiri kidogo, akasema, "Ushonaji ni mzuri, kwa sababu ataketi mahali pamoja na hatapotea."

Hapo tukakumbuka kwamba mwenye fomu yupo. Tukamgeukia, tukainua sauti (eti tukiinua sauti atasikia!), tukaonyesha cherehani kwa mikono, mguu ukikanyaga na gurudumu likizunguka. Kijana akaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Tukaandika: "Amekubali ushonaji."

Chuo kilimpokea, na mfadhili mmoja akalipa karo ya mwaka mzima. Mwezi wa nne kijana akatoroka. Tukamfuata nyumbani, akatuonyesha mgongo, akaendelea na kazi yake ya kufungua gurudumu la baiskeli ya jirani. Tuliporudi ofisini tuliandika sentensi nyingine, na hiyo ndiyo inatuuma mpaka leo. Tuliandika: "Hana bidii. Hathamini msaada."

Sasa sikilizeni njia ya sentensi hiyo. Baada ya mwaka mmoja na nusu kijana alikwenda mwenyewe kwenye ofisi nyingine kuomba nafasi ya kujifunza kuchomelea vyuma. Ofisi ile, kwa utaratibu mzuri kabisa, ikatuandikia kutuuliza kama tunamjua. Tukajibu kwa utaratibu mzuri vile vile, tukanakili kutoka faili. Hakupewa nafasi. Hakuna aliyemwambia kwa nini, na hata kama wangemwambia, wangemwambia kwa mdomo.

Tulikuja kujua ukweli kwa bahati. Dada mmoja kiziwi aliingia katika kamati yetu ya maendeleo, akaomba kuona jinsi tunavyojaza fomu. Alipofika kwa faili hiyo akasema anamfahamu kijana, walisoma shule moja. Tukaenda naye. Walikaa chini ya mti na kuongea kwa mikono saa nzima, nasi tukiwatazama kama wageni. Halafu akatueleza. Kijana alikuwa hajakataa kusaidiwa. Tangu darasa la tano alitaka kazi ya vyuma. Siku ile ofisini alielewa kwamba tunamuuliza kama nyumbani kuna cherehani. Ipo, ni ya shangazi. Ndiyo maana aliitikia kwa kichwa.

Kiziwi akiitikia kwa kichwa mbele ya mtu mwenye kusikia, mara nyingi maana yake ni, "Naona unaongea, endelea." Ni adabu. Wengine huitikia kwa sababu wamechoka kusema hawakuelewa. Umeshasema mara tatu hukuelewa, na kila mara yule mtu anakunja uso. Mara ya nne utasema ndiyo, hata wewe unayesikia. Ofisi nyingi zimejaa "ndiyo" za namna hii, zimepigwa muhuri.

Baada ya jambo hilo tuliwaita vijana viziwi waliokuwa wakitafuta kazi katika eneo letu. Walikuja tisa. Dada yule ndiye aliyeongoza mkutano, sisi tukakaa pembeni na mkalimani wetu. Mambo yalibadilika mara moja: safari hii sisi ndio tuliokuwa wa kutafsiriwa! Walipocheka tulichelewa kucheka. Walipokasirika hatukujua wamekasirikia nini. Ilikuwa saa mbili tu, na tulitoka na kichwa kinauma. Wao hukaa hivyo tangu asubuhi hadi jioni.

Malalamiko yao mengi hayakuwa juu ya kukosa kazi. Kazi hata wenye kusikia wanakosa, na wao wanalijua hilo. Uchungu wao ulikuwa juu ya kuketi mbele ya mtu aliyewekwa kuwasaidia na kuwa kama hawapo. Mmoja alisema mshauri alikuwa akimtazama mkalimani muda wote na kusema, "Muulize amesoma mpaka wapi," "Mwambie alete kitambulisho." Alijiona kama gunia la mahindi linalozungumziwa bei. Mwingine alisema mshauri alipokea simu katikati ya mazungumzo, akaongea dakika ishirini huku akimtazama yeye usoni, naye akadhani anaambiwa habari za kazi yake. Msichana mmoja alisema kila ofisi humpa karatasi na kalamu.

Hapo kwa karatasi na kalamu tukae kidogo, kwa maana wengi wetu tunaona tumefanya wema mkubwa tukimwandikia kiziwi.

Kiswahili na Kiingereza ni lugha za kusikia. Mtoto anayesikia huingia darasa la kwanza akiwa tayari na lugha kichwani, halafu anafundishwa kuiandika. Mtoto kiziwi, hasa aliyezaliwa kiziwi, anafundishwa kuandika lugha ambayo hajawahi kuisikia. Ni kama sisi kufundishwa Kichina kwa kutazama maandishi peke yake. Lugha yake mwenyewe ni Lugha ya Ishara ya Kenya, yenye mpangilio wake. Neno la kuuliza, mara nyingi, huja mwisho wa sentensi. Nyusi na uso ni sehemu ya sarufi, si mapambo. Na wengi wetu hatujui jambo hili: katika shule zetu, wanafunzi viziwi husoma Lugha ya Ishara mahali pa somo la Kiswahili. Kwa hiyo ukimwandikia kijana kiziwi Kiswahili kizuri chenye "endapo" na "iwapo", unamwandikia lugha ambayo pengine hajapata kufundishwa. (Hata jarida letu hili, tuseme ukweli, wengi wao hawatalisoma. Mhariri yuko hapa, amesikia.)

Mmoja wa wale tisa alionyesha karatasi aliyoandikiwa na mshauri. Ilisema: "Tutakujulisha endapo nafasi itapatikana." Yeye alitambua "tutakujulisha" na "nafasi itapatikana", akaelewa ameahidiwa kazi. Akakataa kibarua cha kubeba mawe kwa jirani, akakaa nyumbani miezi minane akingoja. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi hata ikatoboka kwenye mikunjo.

Wengine wetu tunasema, basi atazame midomo. Leo jioni simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo ni ile ile. Kisha fikiri mshauri mwenye ndevu, aliyeketi akipa mgongo dirisha, uso wake ni giza tupu, na anatafuna peremende.

Haya. Tuje kwa mkalimani. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaiagiza serikali kuendeleza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kimeifanya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ni jambo kubwa, na wengi walilipigania. Lakini kutoka Bungeni mpaka ofisi ya wadi ni safari ndefu. Ofisini hakuna mkalimani, na katika bajeti hakuna mstari wake. Kuna mstari wa chai, kuna mstari wa mafuta ya gari. Kwa hiyo mzigo humwangukia kiziwi: aje na mtu wake. Naye huja na nani? Huja na mdogo wake wa darasa la sita.

Tuliona hili kwetu. Mtoto wa miaka 12 alikuwa akitafsiri maneno "mkataba", "dhamana", "kipindi cha majaribio". Ishara hizo yeye hana, maneno yenyewe hana. Alifupisha. Alimwambia dada yake, "Wanasema ni sawa." Na dada akatia sahihi.

Kuna hata jambo la siri. Viziwi ni jamii ndogo, na wakalimani katika mji mmoja wanahesabika kwa vidole. Yule anayetafsiri Misa Jumapili ndiye anayetafsiri hospitalini, ndiye anayetafsiri kwa chifu, ndiye utakayemwita ofisini. Msichana atasemaje mbele yake kwamba aliacha kazi ya kwanza kwa sababu msimamizi alimsumbua? Tumefikiri sana juu ya Injili ya Marko, sura ya 7, pale kiziwi anapoletwa. Kabla ya kufanya lolote, Bwana alimchukua kando, mbali na umati. Sisi hufanya mazungumzo mlango ukiwa wazi, watu wanane kwenye benchi, na ishara zinaonekana hata kutoka ng'ambo ya barabara. Tumenunua pazia. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya keki ya kuagana na mwenyekiti.

Tusiwe waonevu kwa washauri. Tunawajua, ni wenzetu. Afisa mmoja anapewa eneo ambalo pikipiki haiwezi kulimaliza kwa wiki, na pikipiki yenyewe haina petroli. Ana wazee wa kuhudumia, mayatima, watu wa viti vya magurudumu, wasioona, na viziwi. Katika diploma yetu tulifundishwa juu ya ulemavu muhula mmoja, na lugha ya ishara hatukufundishwa hata siku moja. Tulitoka chuoni tukiwa na cheti kinachosema tunaweza kushauri watu wote. Mtu akiuliza kwa nini mshauri anakunja uso, sababu moja ni hiyo: anaona aibu, na aibu ya mwenye ofisi hutoka kama hasira.

Na pia vituo viko. Serikali ilianza mpango wa kufundisha ufundi watu wenye ulemavu tangu miaka ya mwisho ya 1960, na vituo vikajengwa Nairobi, Machakos, Embu, Kakamega, Kabarnet na kwingineko. Kanisa lilikuwa mbele pia: shule za viziwi za Nyang'oma na Mumias ni kati ya zile za kwanza nchini. Karen, kule Nairobi, kuna chuo cha ufundi cha viziwi. Hatuanzi kutoka sifuri. Lakini angalieni kozi tunazowapeleka. Ushonaji, useremala, uashi, viatu, kusuka nywele. Ni kazi za heshima, hatuzidharau. Tunauliza tu: nani aliamua kwamba kiziwi ni wa kazi hizi? Katika soko moja la eneo letu mafundi cherehani viziwi ni watano, wote wanashona sare za shule, wote wanangojea Januari. Sisi ndio tuliowapeleka watano hao. Tulikuwa na nafasi za ushonaji, tukajaza nafasi.

Mwalimu mmoja atasema, lakini usalama? Atafanyaje karibu na mashine asiposikia? Tuliuliza karakana ya vyuma. Fundi akatujibu kwamba pale hakuna anayesikia kitu, mashine ikianza kukata wote ni viziwi, wanaelewana kwa mikono. Ukitaka kumwita mtu unawasha taa au unagonga meza atetemekewe. Kioo kikubwa ukutani humwonyesha anayekuja nyuma. Mambo haya ni ya shilingi chache. Na kwa wale wanaofikiri elimu ya kiziwi ina dari ya chini, Profesa Michael Ndurumo alipoteza kusikia akiwa mtoto hapa hapa Kenya, akasoma mpaka shahada ya udaktari Marekani, akarudi kufundisha chuo kikuu. Wakati fulani kuna mshauri angempa cherehani.

Sasa tuseme kazi imepatikana. Hapa ndipo washauri wengi hufunga faili na kuhesabu ushindi kwenye ripoti ya robo mwaka. Sisi pia tumehesabu.

Dada mmoja wa eneo letu alifaulu mtihani wa gredi wa ushonaji na kupata nafasi katika kiwanda cha nguo mbali na nyumbani. Mshauri wake alifurahi kwa haki, akampeleka mpaka getini, akapiga picha, akarudi. Hakuja tena. Ndani ya kiwanda msimamizi hutangaza mambo kwa sauti mwisho wa zamu. Siku moja alitangaza kwamba wiki inayofuata kazi itaanza saa kumi na mbili na nusu badala ya saa moja na nusu. Wote walisikia ila mmoja. Jumatatu alichelewa, Jumanne alichelewa. Hakuna aliyemwonyesha hata saa. Alipewa barua ya onyo kwa Kiingereza kigumu, akaambiwa kwa kidole atie sahihi hapa. Akatia. Ya pili akatia. Ya tatu ilikuwa ya kuachishwa kazi, na kwenye faili zilikuwepo sahihi zake mbili za kukiri makosa.

Alirudi kwa mshauri wake. Mshauri akamwandikia kwenye karatasi: mvumilivu hula mbivu. Methali hiyo ni nzuri, lakini mtu ambaye hajafundishwa Kiswahili atasoma "hula" na "mbivu", atadhani anaambiwa habari za ndizi. Tulipoipata habari muda wa kupinga ulikuwa umeshapita. Leo ana cherehani yake sokoni. Ni yule wa sita.

Kuna habari ya simu pia. Fomu zote zina mahali pa namba ya simu, na mwajiri akitaka mtu hupiga. Kijana mmoja aliyesomea mapishi aliona simu ikitetemeka, akaona namba asiyoijua, akafanya nini? Akampelekea mama, mama yuko shambani. Aliporudi jioni na kupiga, nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Mwajiri hakuwa mtu mbaya, alipiga mara tatu. Kwenye fomu hatukuandika kwamba mwenye namba hii hupokea ujumbe wa maandishi au simu ya video tu. Mstari mmoja. Sasa tumeuandika kwa wino mwekundu juu kabisa, na mtu wa ofisi yetu humwambia mwajiri jambo hilo kabla ya jina.

Wengi hapa mmetuuliza habari za sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 ilichukua mahali pa ile ya 2003. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu, yaani mtu 1 katika 20. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu, kati ya wenye miaka 5 na zaidi, na zaidi ya laki moja na nusu walikuwa na shida ya kusikia. Kwa hiyo mshauri akienda kwa mwajiri asiende kama mwombaji wa sadaka. Lakini tumeona hatari: waajiri wengine wakitaka kutimiza hesabu humtafuta mwenye ulemavu "mwepesi", ambaye hatawagharimu ngazi wala mkalimani. Kiziwi huonekana mwepesi siku ya kuajiriwa, kwa sababu anatembea na ana mikono miwili. Ugumu huonekana siku ya mkutano wa kwanza.

Tumebadilisha nini sisi? Si mengi, na mengine yamechelewa. Sentensi ya "hana bidii" tuliikata, tukaandika karibu yake kilichotokea, tukatia sahihi na tarehe. Tuliiandikia ile ofisi nyingine barua ya kusahihisha. Hawakujibu. Tulikwenda kwa kijana na yule dada kumwomba msamaha. Alitusikiliza, au tuseme alitutazama, akasema yamepita, halafu akauliza kama kuna nafasi ya vyuma. Haikuwepo. Fundi mmoja wa jua kali alimchukua miezi michache baadaye, na ni fundi huyo aliyempata mwenyewe, si sisi. Bado analipwa chini ya mwenzake walioanza naye siku moja. Tumeongea na fundi mara mbili. Anasema kijana hawezi kupokea wateja. Kijana anasema wateja wakifika huandika vipimo ukutani kwa chaki na hakuna aliyewahi kukosewa. Tutaenda mara ya tatu.

Wafanyakazi wetu wawili wanasoma lugha ya ishara kila Jumatano jioni kwa yule dada, na analipwa, kwa sababu mwanzoni tulitaka afundishe bure na akakataa, tukaona ana haki. Fomu yetu sasa haianzi na "anapenda kazi gani". Tunaanza kwa kwenda naye mahali pa kazi tatu au nne tofauti, aone kwa macho: gereji, jiko la hoteli, chumba cha kompyuta, shamba la maua. Kiziwi wa kijijini ambaye hajaenda shule kabisa, mwenye ishara za nyumbani tu, huwezi kumuuliza juu ya kazi ambayo hajawahi kuiona, mkalimani awe hodari namna gani. Unamtazama anasimama wapi kwa muda mrefu. Mzee mmoja alisimama saa nzima mbele ya mtu anayetengeneza vitanda vya vyuma, tukaelewa.

Na mtu akipata kazi, juma moja kabla hajaanza tunakwenda kuwafundisha wenzake ishara kama thelathini: njoo, hatari, kesho, mapema, mshahara, chai, mgonjwa, pole. Tunarudi mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Saa ya chai ndiyo tunayoangalia. Ukimkuta amekaa na wenzake na mikono inasogea, nenda nyumbani. Ukimkuta peke yake ukutani na kikombe, kaa, kuna jambo.

Ninyi wazazi, tunajua mnawajibia watoto wenu kwa upendo, mmefanya hivyo miaka ishirini wakati hakuna mwingine aliyejali. Tukiwaomba mngoje nje kidogo, msione tumewafukuza. Kuna benchi na kuna chai.

Dada yetu atakuwa ofisini kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa tatu. Mwenye kijana nyumbani amlete, hata kama ameshakataliwa mahali pengine, hata kama barua ya kukataliwa tuliiandika sisi. Mje asubuhi, kwa maana chumba chetu hupata mwanga mzuri mpaka saa sita tu, baada ya hapo mikono haionekani vizuri na umeme wetu mnaujua. Sasa tuketi, mkalimani apumzishe mabega. Maswali baada ya chai, na tutaanza na safu ya mbele.